Ripoti ya Shule ya Mwaka 1954 na Majalada Yake: Kutoka Bukavu hadi Bruxelles

Zipo ripoti ambazo watafiti wengi huzitaja na wachache huzisoma. Mojawapo ni ile iliyoandikwa na Wabelgiji watatu, Coulon, Deheyn na Renson, waliotumwa mwaka 1954 na Waziri wa Makoloni, Auguste Buisseret, kuzichunguza shule za Kongo ya Kibelgiji. Ripoti yao ilipigwa chapa mjini Bruxelles mwaka ule ule. Ilizusha ugomvi mkali kati ya serikali na Kanisa Katoliki, na mwaka 1956 ugomvi huo ulitulizwa kwa kugawana fedha. Tangu hapo uchunguzi ulihesabiwa kuwa umekwisha.

Kwa msomi wa Kiswahili jambo hilo halikwisha. Ripoti ilitoa hukumu juu ya lugha ya kufundishia, na hukumu hiyo iliigusa Kivu moja kwa moja, kwa kuwa mjini Bukavu (mji ulioitwa Costermansville hadi miaka ya mwanzo ya 1950) Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya soko na ya mitaa ya Waafrika. Kitabu kilichochapwa kinatuonyesha hukumu peke yake. Ushahidi wenyewe, yaani taarifa za wakaguzi, orodha za wanafunzi, barua za wakuu wa misheni na za watawala wa wilaya, ulibaki ndani ya majalada ya serikali. Ni nani aliyeruhusiwa kuyafungua majalada hayo, na lini? Swali hili laweza kuonekana kuwa la makarani wa hifadhi za nyaraka. Lakini bila majalada haiwezekani kujua kama watoto wa Kadutu waliokwama masomoni walikwamishwa na lugha, au walikwamishwa na madarasa yaliyofurika na walimu wasiofunzwa vya kutosha. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na sera ya lugha ya miaka iliyofuata iliyachukua kana kwamba ni jambo moja.

Mkaguzi na mkaguliwa

Ili kuielewa ripoti ya 1954 hakuna budi kurudi nyuma kiasi cha miaka 30. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Mmarekani Thomas Jesse Jones na ambayo James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilipita Kongo katika safari yake ya 1920 na 1921, na taarifa yake ikachapwa mwaka 1922. Mwaka huo Waziri Louis Franck naye alikusanya tume ya Kibelgiji kushauri juu ya elimu ya koloni. Matokeo yake yalikuwa makubaliano ya 1925 na 1926, ambayo kwayo serikali ilikubali kuyapa mashirika ya misheni ya Kikatoliki yaliyoitwa ya kitaifa, maana yake ya Kibelgiji, ruzuku ya kuendesha shule kwa muda wa miaka 20. Kanuni za utekelezaji zilikamilishwa mwaka 1929.

Katika kanuni hizo jambo linalomhusu mtafiti wa nyaraka ni utaratibu wa ukaguzi. Serikali ilikuwa na wakaguzi wake, lakini walikuwa wachache mno kwa nchi pana kiasi kile. Kazi ya kila siku iliachiwa wamisionari wakaguzi, walioteuliwa kutoka katika misheni yenyewe, ambao walizitembelea shule za misheni hiyo hiyo, wakaandika taarifa na kuzipeleka serikalini. Kwa maneno mengine, mkaguliwa ndiye aliyeshika kalamu ya mkaguzi. Hii si kusema kwamba mapadri waliandika uongo. Ni kusema kwamba hapakuwa na daftari la pili la kulilinganisha na la kwanza, na kwamba karani wa Costermansville au wa Léopoldville aliyetaka kujua hali ya darasa fulani aliipata kwa macho ya yule yule aliyeliendesha.

Upungufu mwingine ni wa wale ambao hawakuingia kabisa katika mzunguko huo. Wapentekoste wa Norwe walikuwa Kaziba, kusini magharibi mwa Bukavu, na wenzao wa Uswidi walikuwa Lemera na Uvira. Hawa walikuwa Waprotestanti, tena wageni wasio Wabelgiji. Hawakupewa ruzuku mpaka uamuzi wa Waziri Robert Godding wa mwaka 1946, ambao ulianza kutekelezwa mwaka 1948. Shule isiyopata ruzuku haikukaguliwa kwa utaratibu ule wa ruzuku, na kwa hiyo anayetegemea majalada ya ukaguzi ya miaka ya 1930 huiona Kivu iliyo ya Kikatoliki kuliko ilivyokuwa. Watoto waliojifunza kusoma Kaziba kwa kutumia Biblia na vitabu vya nyimbo walikuwapo. Katika majalada hayo hawaonekani.

Kuhusu lugha, maelekezo ya 1929 yalitaka mtoto afundishwe kwa lugha ya Kiafrika, na Kifaransa kiwekwe hasa mijini na katika hatua za juu. Mpango wa masomo wa 1948 uliigawa hatua ya pili ya shule ya msingi kuwa ya kawaida na ya wateule, na ni wateule hao waliotayarishwa kwa Kifaransa ili waendelee na masomo ya sekondari. Katika Kivu, lugha ya Kiafrika ilimaanisha nini? Vijijini katika Bushi ilikuwa Mashi, lugha ya nyumbani. Mjini hali ilikuwa nyingine. Kadutu ilikuwa makao ya watu waliotoka Bushi, Buhavu, Urega, Bufulero na Maniema. Na Bagira ilipojengwa katika miaka ya 1950 na Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1952, iliwapokea watu wa mchanganyiko huo huo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Hata hivyo Kiswahili hicho hakikuwa kimoja. Mapadri Weupe walikuja na Kiswahili walichokizoea katika misheni zao za ziwa Tanganyika, chenye ngeli zilizonyooka na msamiati wa vitabu. Mtoto wa Kadutu alisema batoto, kitabuni akakuta watoto. Alisema tunaendaka, kitabuni akakuta twaenda au huenda. Alikuwa anajifunza Kiswahili cha pili juu ya Kiswahili chake, na mwalimu wake mara nyingi alikuwa katika hali hiyo hiyo. Mwanaisimu yeyote anayezisoma alama za darasa la namna hii lazima ajiulize kwanza ni Kiswahili kipi kilichopimwa. Swali hilo halijibiwi na jedwali la mwisho wa mwaka. Hujibiwa na karatasi za mtihani, na hizo ndizo zilizo adimu kuliko nyaraka zote za shule.

Wataalamu watatu

Uchaguzi wa Aprili 1954 nchini Ubelgiji uliinyima Chama cha Kikristo wingi wake bungeni, na Achille Van Acker akaunda serikali ya Wasoshalisti na Waliberali. Buisseret, Mliberali, akapewa Wizara ya Makoloni. Huko Ubelgiji kwenyewe Waziri wa Elimu, Léo Collard, aliingia katika kile kilichoitwa vita vya shule, vilivyoendelea mpaka Mapatano ya Shule ya Novemba 1958. Yafaa hili likumbukwe, maana ujumbe wa Coulon, Deheyn na Renson haukwenda Kongo katika hali ya utulivu wa kisayansi. Ulikwenda ukiwa umebebeshwa mizigo ya ugomvi wa nyumbani. Waliompinga Buisseret walisema kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kabla ya swali kuulizwa; waliomuunga mkono walisema kwamba kwa mara ya kwanza shule za misheni zilitazamwa na watu wasio wa misheni. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Ripoti ilikuwa kali. Ilisema kwamba serikali ilikuwa imeliacha jukumu lake mikononi mwa misheni, kwamba idadi ya watoto walioandikishwa ilificha udhaifu wa yale waliyofundishwa, kwamba walimu wengi hawakuwa wamefunzwa ipasavyo, na kwamba Kifaransa kilifundishwa kidogo na vibaya. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa shule rasmi za serikali zisizofungamana na dini, na Kifaransa kipewe nafasi ya kwanza. Mwaka 1955 upande wa Kikatoliki ulijibu kwa chapisho lake, ukiitetea kazi ya misheni na kuushambulia uchunguzi kwa haraka yake na kwa upendeleo wake.

Mabishano hayo yakisomwa pamoja, mtu hushangazwa na jinsi yanavyopishana. Kila upande unataja madarasa, hesabu na wakaguzi, na kila upande una majalada yake. Upande mmoja una waliyoyaona wasafiri wachache katika miezi michache. Upande wa pili una taarifa za wamisionari wakaguzi wa miaka mingi. Msomaji wa nje hakuwa na njia ya kuamua kati yao, kwa sababu hakuweza kuziomba taarifa zenyewe. Alitakiwa kuamini, na akaamini kwa kufuata chama chake au kanisa lake.

Mwaka 1956 zikafikiwa sehemu za fedha: asilimia 45 kwa shule rasmi, asilimia 45 kwa za Kikatoliki, na asilimia 10 kwa za Kiprotestanti. Hivyo ndivyo uchunguzi ulivyofungwa. Makubaliano yalihusu mafungu. Hayakuamua ni nani aliyesema kweli juu ya darasa la kwanza la Kadutu, wala juu ya mwalimu wake, wala juu ya lugha aliyoitumia. Swali la elimu lilikuwa limegeuzwa kuwa swali la hesabu, na hesabu ilipokubaliwa, hapakuwa tena na mtu mwenye haja ya ushahidi.

Watu ambao shule hizo zilikuwa zao walisimama wapi? Sheria ya koloni ya Oktoba 1908 iliagiza kwamba Bunge la Ubelgiji liletewe ripoti kila mwaka juu ya utawala wa Kongo, na kwamba amri zenye nguvu ya sheria zitangazwe kwa Kifaransa na Kiflemi. Haikudai Kiswahili, wala Lingala, Kikongo au Tshiluba. Mkongomani hakuwa na mbunge wa kumuulizia swali. Wale waliokuwa wakisoma Kifaransa vizuri waliyafuata mambo haya katika magazeti na katika La Voix du Congolais, jarida lililotolewa Léopoldville kuanzia 1945 chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba. Lakini hao walikuwa tabaka dogo, na jarida lenyewe lilikuwa chini ya uangalizi wa serikali. Mzazi wa Kadutu aliyesoma Kiswahili tu hakuwa na mahali pa kuisoma hukumu iliyotolewa juu ya shule ya mwanawe.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba Kifaransa kiliingia kwa ripoti hiyo peke yake, au kwamba kililazimishwa kwa watu wasiokitaka. Wasomi wa Kikongomani wa miaka ile walikidai Kifaransa kwa nguvu. Waliona wazi kwamba shule ya lugha za Kiafrika ilikuwa na dari, na kwamba mtoto wa Kizungu hakuwa na dari hiyo. Mjini Bukavu ushahidi ulikuwa mlimani mbele ya macho yao: Wajesuiti walikuwa na chuo chao, Collège Notre-Dame de la Victoire, kilichokuwa kimeanzishwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na masomo yake yalikuwa ya Kifaransa. (Chuo hicho kinajulikana leo kwa jina la Alfajiri. Kiswahili kilipata mlangoni heshima ambayo hakikuipata darasani.) Baada ya uhuru ilikuwa serikali ya Kongo yenyewe, katika mpango wa masomo wa mwaka 1962, iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, nchi nzima. Katika miaka ya 1970 mwelekeo ukageuka. Semina ya wanaisimu iliyofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ilizitetea lugha za taifa, na lugha hizo zikarudishwa katika madarasa ya chini. Sheria ya elimu ya mwaka 1986 na ile ya Februari 2014 zote zimezitaja. Mara tatu, basi, katika muda usiozidi miaka 25 kuanzia 1954, uamuzi ulifanywa juu ya Kiswahili darasani. Hakuna hata mara moja mabishano yaliporudishwa kwenye taarifa za wakaguzi ili ionekane mtoto wa Kivu alifaulu nini na alishindwa nini alipofundishwa kwa Kiswahili.

Njia ya karatasi

Kwamba taarifa kama hizo zina thamani, si dhana tupu. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, alizisoma hati za uchunguzi wa zamani zaidi, uliofanywa kwa maswali yaliyopelekwa kwa watawala na misheni za Kongo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kuhusu shule na lugha. Hati hizo zilikuwa zimelala Bruxelles kwa miongo mingi. Zilipofunguliwa zilionyesha jambo ambalo ripoti zilizochapwa hazikulionyesha, yaani jinsi watawala wenyewe walivyohitilafiana, na jinsi wazo la lugha kubwa za mawasiliano lilivyotengenezwa mezani kwa kadiri lilivyokutwa njiani. Laiti majibu hayo yangejulikana katika mwaka 1954, mabishano yangekuwa mengine. Lakini mwaka huo hakuna aliyeyatafuta.

Anayetafuta hati za shule za Kivu lazima kwanza ajue ramani za utawala, kwa kuwa karatasi hufuata mipaka. Hadi 1933 eneo la Kivu lilikuwa chini ya mkoa wa mashariki, na mambo yake makubwa yaliamuliwa Stanleyville. Mwaka huo mkoa wa Costermansville ulianzishwa. Mwaka 1947 ukaitwa Kivu. Kwa hiyo jalada moja la misheni moja laweza kuanzia Stanleyville, likaendelea Costermansville, na nakala zake zikawa Léopoldville na Bruxelles. Baada ya uhuru mkoa uligawanywa katika miaka ya mwanzo ya 1960, ukaunganishwa tena mwaka 1966, na mwaka 1988 ukagawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kila mgawanyo ulikuwa na maswali ya samani, magari na majengo. Majalada ya zamani yalikuja mwisho, yakija.

Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, serikali ya Ubelgiji ilihamisha sehemu kubwa ya nyaraka za koloni kutoka Kongo hadi Bruxelles. Yaliyobaki yaliikuta historia ya mji. Agosti 1964 waasi walipigana hadi ndani ya Bukavu. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji wakaukalia mpaka mwanzoni mwa Novemba, nao uliachwa ukiwa magofu. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vikaufikia tena, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa tarehe 29 mwezi huo. Juni 2004 mji ulitekwa na wanajeshi walioasi. Februari 2025 uliingiwa na M23. Mwenye kuzoea ofisi za umma anajua kwamba katika siku za namna hii jalada la karatasi huwa kitu cha kuwashia moto au cha kufungia karanga, na kwamba si lazima mtu awe na nia mbaya ili liangamie. Mvua ya Bukavu nayo, ikipata dari lililotoboka, hufanya kazi yake bila bunduki.

Shule zenyewe ziliwahi kubadili wenyewe mara mbili kwa muda mfupi. Tarehe 30 Desemba 1974 serikali ya Zaïre ilizitaifisha shule za makanisa; tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wake. Katika miaka hiyo miwili madaftari ya usajili na taarifa za ukaguzi yaliweza kuhesabiwa mali ya ofisi mbili, na kitu chenye wenyewe wawili mara nyingi hakina mtunzaji.

Hata hivyo utaratibu ule wa nakala nyingi, uliokuwa mzigo kwa mpiga taipu wa misheni, ndio unaomfaa mtafiti wa leo. Taarifa ya shule haikuandikwa kwa nakala moja. Iliyopotea Bukavu huenda ikawako Bruxelles, na isiyokuwako Bruxelles huenda ikawako katika hifadhi ya misheni. Mapadri Weupe waliandika shajara za vituo vyao karibu kila siku, na hifadhi yao kuu iko Roma. Katika shajara za aina hiyo mkaguzi hutajwa kwa mstari mmoja: amekuja, ameondoka, mvua ilinyesha. Lakini mstari huo unatoa tarehe, na tarehe humwezesha mtafiti kuiomba taarifa kwa usahihi. Jambo la kutafakari ni kwamba leo njia ya kuifikia shule ya serikali ya Kivu hupitia zaidi katika nyumba za mashirika ya kitawa kuliko katika ofisi za umma, na nyumba hizo hufunguliwa kwa hiari ya wenyewe.

Funguo za sheria

Sheria ya nyaraka ya Ubelgiji ya tarehe 24 Juni 1955 ilitoka wakati ule ule ambapo ripoti ya Coulon ilikuwa ikijibiwa. Iliweka muda wa miaka 100 kabla ya ofisi za serikali kulazimika kuzikabidhi hati zao kwa Hifadhi Kuu ya Taifa. Kwa kanuni hiyo ya jumla, karatasi ya ukaguzi ya mwaka 1954 ingeweza kungojewa hadi 2054. Katiba ya Ubelgiji na sheria ya Aprili 1994 zilimpa kila mtu haki ya kuziona hati za utawala, na mwaka 2009 muda ule wa miaka 100 ulipunguzwa kuwa miaka 30. Kisha nyaraka za Kongo, Rwanda na Burundi, zilizokuwa zimekaa kwa miongo mingi katika Wizara ya Mambo ya Nje kwa jina la Nyaraka za Kiafrika, zikaanza kuhamishiwa Hifadhi ya Taifa. Urefu wake, zikipangwa rafuni, unakaribia kilomita 10.

Kwa upande wa Kongo, sheria ya tarehe 11 Julai 1978 iliweka utaratibu wa jumla wa nyaraka za nchi, na Katiba ya Februari 2006, katika kifungu chake cha 24, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Nchi jirani zilikwenda hatua zaidi kwa kutunga sheria maalumu za kumwezesha raia kuiomba serikali hati na kuiwekea siku za kujibu: Uganda mwaka 2005, Rwanda mwaka 2013, Kenya na Tanzania mwaka 2016. Lakini sheria ya kuomba haiwezi kuitoa hati isiyokuwako. Mkazi wa Bukavu anayetumia kifungu cha 24 kudai taarifa ya ukaguzi ya mwaka 1954 anaweza kujibiwa kwa adabu na kwa ukweli kwamba ofisi haina. Hati iko katika nchi nyingine, ambayo sheria zake zinamruhusu kuisoma endapo atafika. Haki anayo pande zote mbili. Viza na nauli ndivyo asivyo navyo.

Nakala za dijitali zimetajwa mara nyingi kuwa suluhisho, na kwa hakika zitasaidia. Lakini jalada la shule ni kitu kisichovutia macho. Picha za safari, ramani na mikataba ya machifu huanza kunakiliwa kabla ya jedwali la wanafunzi wa darasa la pili. Aliye Bruxelles akichagua cha kutangulia, huchagua kwa mahitaji ya wasomaji anaowaona mezani kwake. Ndiyo maana orodha yenye maelezo, inayomwezesha mtu aliye Kadutu kujua jalada gani lina shule gani, ina faida ya haraka kuliko picha elfu za karatasi zisizojulikana ni za wapi.

Tofauti kati ya uchunguzi wa 1954 na ule unaorudishwa kwa wenyewe inaonekana vizuri zaidi upande wa mashariki wa ziwa Tanganyika. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza Kenya, Tanzania na Uganda karibu na mwaka 2010, uliwapima watoto nyumbani kwao, kwa hadithi fupi za kiwango cha darasa la pili. Nchini Kenya na Tanzania hadithi hizo zilikuwamo za Kiswahili. Mzazi aliambiwa papo hapo mtoto wake ameweza nini. Waziri angeweza kuzikataa takwimu za taifa, lakini mama aliyekuwa amekaa mlangoni alikuwa amekwisha kumsikia mwanawe akisoma au akishindwa kusoma. Hata huko mambo hayakuwa mepesi siku zote: mwaka 2018 Tanzania iliibadilisha sheria yake ya takwimu, ikawa kosa kutangaza hesabu zenye kupingana na za serikali, na kipengele hicho kikalegezwa mwaka 2019 baada ya malalamiko ndani na nje ya nchi. Serikali ilijua, kama ilivyojua ile ya Buisseret na kama walivyojua mapadri, kwamba hesabu ya shule ni silaha. Tofauti ni kwamba safari hii silaha ilikuwa katika mikono mingi.

Mwaka 2019 Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, na madarasa ya Bukavu yakajaa kupita kiasi. Mazungumzo juu ya lugha yakarudi pamoja na watoto hao: mwalimu mwenye wanafunzi wengi katika chumba kimoja aanze kwa Kiswahili, kama sheria ya 2014 inavyoruhusu, au kwa Kifaransa, kama vitabu vingi vilivyo mkononi mwake vinavyomlazimisha? Madarasa yaliyofurika, walimu wasiofunzwa vya kutosha, lugha ya mtaa na lugha ya kitabu: mambo yote manne yalikuwamo katika ugomvi wa 1954.

Kuna ushahidi mmoja ambao haukuhamishwa kwa meli wala kwa ndege. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Kadutu mwaka ule wa ripoti, akiwa na umri wa miaka 6, alizaliwa mwaka 1948. Baadhi ya hao wangali hai mjini na vijijini, na wanakumbuka mwalimu aliwasemesha lugha gani, ubao uliandikwaje, na siku mkaguzi alipofika walifundishwa kuitikia vipi. Taarifa yake, wakati huo huo, ina namba ya jalada huko Bruxelles, na maelezo yake katika orodha yameandikwa kwa Kifaransa.